Mchinjaji na Ng'ombe wa Suluhu

Alikuwa mwongo. Naanza na hilo makusudi, maana kila aliyemjua angenicheka kama ningeanza na sifa nyingine. Alituambia aliwahi kukutana na simba kule nyika za Mkomazi, akamwambia, "Rudi kwenu, huku kuna wenyewe," na simba akageuka akarudi. Alituambia alifika Unguja akala halua mpaka Sultani akatuma mtu aje aulize ni nani huyo anayewamalizia halua yao. Umri wake ulipanda na kushuka kufuatana na aliyekuwa akizungumza naye. Akitaka heshima alikuwa amewaona Wajerumani wakijenga reli kwa macho yake. Akitaka mchumba alikuwa amezaliwa baada yao. Sote tulijua anatudanganya, na siku za ukungu, ambazo mlimani kwetu hazihesabiki, tulimfuata wenyewe ili atudanganye tena.

Sisi tulimwita Mchinjaji, naye aliitika hivyo hivyo. Alizaliwa wapi na baba yake alikuwa nani, mimi sikuuliza, na kama ningeuliza ningepewa majibu matatu. Nilijua kwamba ni mtu wa nyika, Mwislamu, aliyepanda mlima siku nyingi kabla mimi sijaolewa, akajenga nyumba ya udongo ng'ambo ya mfereji mkabala na kwetu. Kijiji chetu kiko juu, ukishaipita Vudee, na karibu watu wote ni Wapare Wakristo. Waislamu wa kwetu zilikuwa nyumba chache zilizotawanyika kwenye migomba, na chini tambarare, kando ya reli na barabara ya Same, ndiko walikokuwa wengi, na maduka yao na misikiti yao.

Kazi yake iko katika jina. Mnyama yeyote wa shughuli, iwe arusi, iwe ubatizo, iwe Krismasi yenyewe, ni yeye aliyemchinja. Mkristo hapungukiwi kitu akila nyama iliyochinjwa na Mwislamu, lakini Mwislamu hawezi kula ya Mkristo. Basi kisu tukamwachia yeye, tukala sote chungu kimoja. Hakuna aliyeihubiri sheria hiyo kanisani wala msikitini. Ilikuwa ni adabu ya majirani, na wageni kutoka nyika walipofika kwenye shughuli waliuliza tu, "Nani amechinja?" Wakionyeshwa yeye, wananawa mikono.

Haki yake ilikuwa shingo. Hakuomba paja wala ini, ila shingo hakukubali ipunguzwe hata pande moja. Ukimwona anakatiza migombani na mzigo umefungwa kwa jani, ulijua kuna mahali watu wanakula, ukaanza kujiuliza ni wapi na kwa nini hukualikwa.

Alichinja ng'ombe wa arusi yangu. Tangu siku hiyo akaniita bibi harusi, na hakuacha hata nilipokuwa na watoto wanne na meno mawili yamekwisha kung'oka. Mume wangu alikuwa kwenye mashamba ya mkonge huko Tanga, kama waume wengi wa kwetu, akirudi mara moja kwa mwaka, na kuna mwaka hakurudi kabisa. Upweke wa mke wa mkonge hauelezeki kwa asiyeuonja. Unalima peke yako, unauguza peke yako, hata ukigombana unagombana na kuku. Mchinjaji naye mkewe alikwisha kufariki, na wale wachumba aliowapunguzia umri hawakumkubali. Basi kila asubuhi alisimama ng'ambo ya mfereji akaita.

"Bibi harusi! Moshi wako sijauona. Umekufa?"

"Sijafa, Mzee. Shikamoo."

"Marahaba. Basi washa moto, usiniharibie siku."

Mpaka leo sijui kama alikuwa akinichunga mimi au akijichunga mwenyewe. Lakini asubuhi ambazo alikuwa amelala kijiji kingine kwa sababu ya shughuli, nilichelewa kuwasha moto, maana hapakuwa na wa kuniuliza.

Alikuwa na vituko vyake. Mnyama hakumchinja mbele ya mnyama mwenzake, na watu wakicheka alifuta kisu akaondoka, ikabidi tumfuate kumbembeleza. Ng'ombe alimsemesha kwa Kipare kibovu, akamwombea kwa Kiarabu, halafu sisi tuliomshika miguu vibaya tukatukanwa kwa Kiswahili. Ukimuuliza kwa nini, alisema ng'ombe wa mlimani hajasoma, Kiswahili hakielewi. Kibla chake kilikuwa upande wa Usangi, huko kaskazini, nasi wa Upare Kusini tukamtania kwamba anawasujudia Wagweno, Wapare wa upande huo. "Afadhali wao," alijibu, "ninyi mtu akiwasujudia mtamkanyaga."

Na mtu huyu ambaye hakukosa sala alipenda tarumbeta za kanisani kuliko Wakristo wengi. Siku za mazoezi alikaa juu ya ukuta wa mawe nje ya kanisa, kofia yake kichwani, akitikisa mguu. Mzee wa kanisa, mtu mpole aliyekuwa na sauti kubwa kuliko ujasiri wake, alimwambia siku moja aingie ndani asikie vizuri. Mchinjaji akakataa. "Nikiingia mtanipa kazi," alisema. Wakakaa wote wawili ukutani, wakazungumza habari za mvua mpaka tarumbeta zikanyamaza.

Hivyo ndivyo tulivyokuwa. Sisemi tulipendana kama malaika. Watu wa nyika walituita makafiri wa mlimani, nasi tuliwaita wauza chumvi wasio na shamba, na kila upande uliamini mwenzake ndiye mchawi. Lakini maneno hayo yalikuwa ya kunywea dengelua, ile pombe yetu ya miwa, au kahawa kwa wasiokunywa pombe. Yalilala humo humo mpaka uchaguzi ulipokuja kuyaamsha.

Uchaguzi wenyewe haukuwa mkubwa. Mwingereza bado alikuwa akitutawala, naye Bwana Shauri, mkuu wake wa wilaya, alitangaza kwamba eneo letu, mlima pamoja na tambarare yake, lichague mtu mmoja wa kwenda kukaa kwenye baraza la wilaya. Wakasimama wawili: mwalimu wa shule yetu ya misheni, na mwenye duka mmoja wa kule barabarani, Mwislamu. Wote walikuwa watu wazuri. Mwalimu alimkopesha mwenye duka baiskeli, mwenye duka alimletea mwalimu chaki. Waliotaka kupigana hawakuwa wao.

Karatasi hazikuwapo. Wanaume waliambiwa wajipange mistari nyuma ya mtu wanayemtaka, mchana kweupe, Bwana Shauri akawa anawahesabu kwa fimbo yake. Sisi wanawake tulikaa pembeni tukitazama, na nadhani ndiyo sababu tuliona vizuri kuliko waliosimama. Sijawahi kuona kitu kibaya kama ile mistari. Mtu na jirani yake waliokuwa wakisaidiana kuvuna waligeuzwa migongo, huyu huku, huyu kule, na kila mmoja akajulikana. Kofia zote zilikuwa mstari mmoja. Zote isipokuwa moja. Mchinjaji alitembea taratibu, akaenda kusimama nyuma ya mwalimu.

Tambarare wakapiga kelele. Mtu mmoja alimwita kwa jina lake akamuuliza kama amebatizwa.

"Sijabatizwa," Mchinjaji alisema. "Huyu ni jirani yangu. Mtoto wangu alipougua ndiye aliyemshusha bondeni kwa mgongo wake. Wewe ulikuwa wapi?"

Hakuwa na mtoto yeyote, nijuavyo mimi. Wala mwalimu hakuwahi kubeba mtu. Ulikuwa uongo kama ule wa simba, na ulinichekesha hapo hapo, ingawa hakuna mwingine aliyecheka.

Mwalimu akashinda kwa watu wachache. Siku ya gulio iliyofuata wanawake wetu waliteremka na ndizi kama kawaida, wakarudi wamepasuka midomo, mizigo imekanyagwa. Waliambiwa wakauze ndizi zao kwa diwani wao. Vijana wetu wakajibu. Kulikuwa na mzee mmoja muuza chumvi aliyekuwa akipanda mlimani tangu utoto wangu, mtu asiyekuwa na mstari wowote, maana siku ile ya kuhesabiwa alikuwa njiani na punda wake. Walimkuta kwenye kona ya njia. Walichomfanyia sitakieleza, alifariki kabla ya jua kuchwa. Waliomfanyia ni watoto tuliowabeba migongoni, wanaimba kwaya, na waliporudi walikunywa maji ya mtungi wangu bila kuniangalia usoni.

Mchinjaji ndiye aliyemwosha maiti na kumsalia, na Waislamu wachache wa kwetu wakiogopa hata kutoka nje. Alichimba kaburi mwenyewe. Mzee wa kanisa alikwenda kumsaidia udongo, na kwa hilo namheshimu, pamoja na yaliyotokea baadaye.

Bwana Shauri akaja na askari, akafunga watu, akatoa hotuba. Kisha akaamuru suluhu. Mlima utoe ng'ombe, tambarare walete mchele, wazee wa pande zote wale pamoja uwanjani kwetu, na atakayekataa atamjua yeye ni nani. Nasema ukweli, nilifurahi. Nilimwona Mchinjaji akinoa kisu chake kwenye jiwe la mferejini asubuhi nzima, akiimba pambio la kanisani bila maneno. "Leo wakila, yamekwisha," aliniambia. "Mtu hawezi kumpiga jiwe mtu aliyekula naye nyama. Angalau mpaka nyama ishuke tumboni."

Alipofika uwanjani, ng'ombe alikuwa amekwisha kuchinjwa.

Vijana wetu walimwangusha mapema, wakamkata wenyewe. Ng'ombe wa kwetu, walisema, ushindi wa kwetu, kisu cha kutafuta kwa mtu wa nyika ni cha nini? Sidhani hata walielewa vizuri wanachofanya. Walitaka kuonyesha kiburi kidogo tu, kama mtu anayetema mate mlangoni mwa jirani. Nyama ilikuwa tayari inachemka, na huko chini kwenye njia tulishaanza kuona kofia za wageni zikipanda.

Mzee wa kanisa alimvuta Mchinjaji kando, karibu na pale tulipokuwa tunamenya ndizi, nikasikia yote.

"Ndugu yangu, tuokoe. Wakiuliza, nitasema ni wewe. Wewe nyamaza tu."

"Lakini siyo mimi."

"Najua siyo wewe! Uongo wako wa miaka yote, huu mmoja tu unakushinda? Simba uliongea naye, hili la ng'ombe ndilo gumu?"

Mchinjaji alikitazama kisu chake. Mzee wa kanisa akaichukua hiyo kuwa ndiyo. Sote tuliichukua hivyo. Mtu aliyedanganya maisha yake yote, nani angedhani kuna kitu hawezi kukidanganya? Hilo ndilo kosa letu tuliloliona baadaye.

Wageni wakaketi. Maji ya kunawa yakaletwa. Shehe wao, mzee mwenye ndevu nyeupe, akauliza lile swali la desturi, nani amechinja. Mzee wa kanisa akanyoosha mkono. "Mchinjaji wetu yule pale."

Macho yote yakamgeukia. Hakuwa mtu wa kumkanusha mwenyeji mbele ya wageni. Adabu yake haikumruhusu. Akasema kwa sauti ya kawaida, kama anayelalamikia jambo dogo, "Mchinjaji hupewa shingo. Mimi leo shingo yangu sijaiona."

Hapakuwa na mtu mzima uwanjani pale, Mkristo au Mwislamu, ambaye hakuelewa. Shehe aliweka chini bakuli la maji. Wakasimama wote pamoja, bila kelele, wakaanza kushuka. Walipofika kwenye mfereji jiwe la kwanza likarushwa, sijui na nani, na baada ya hapo hakuna aliyeuliza. Askari walifyatua risasi hewani. Watu wengi walivunjwa siku ile, wa kwetu na wa kwao, na ile nyama ikaliwa na mbwa.

Kabla ya magharibi nyumba ya Mchinjaji ilikuwa inawaka. Moshi wake niliuona mimi wa kwanza, nikapiga yowe, na hakuna aliyekuja na maji hata ya kata moja. Yeye alikwisha kuondoka na kisu chake, nyuma ya wageni, mbali kidogo nao kwa sababu hawakumtaka karibu. Hawakuwa wamesahau alisimama mstari gani.

Nilimkasirikia. Kwa muda mrefu nilimkasirikia kuliko wale waliochoma. Neno moja tu, nilisema moyoni, hata neno asingesema, angenyamaza tu, na watu wangekula, na mimi ningekuwa na jirani. Halafu nikawa nafikiri upande wa pili: wale wazee walikuwa tayari kunawa mikono kwa sababu walimwamini yeye, na ni kwenye jambo hilo moja tu alilowahi kuaminiwa. Nilizunguka hivyo hivyo kama ng'ombe wa kupura, sikufika popote. Asubuhi niliwasha moto nikauona moshi wangu unapanda peke yake, na nililia kwa hasira nikiwa napuliza kuni.

Kijijini vyungu vikawa viwili. Kwenye shughuli Wakristo walichinja wao, wakala wao. Zile nyumba chache za Waislamu zilipelekewa mchele mtupu na ndizi, wakashukuru, wakala majumbani mwao. Mwalimu aliacha kiti cha baraza kabla ya muda wake. Hakuna aliyemfukuza. Alisema tu amechoka kusalimiwa na nusu ya watu.

Mara ya mwisho kumwona Mchinjaji ilikuwa Same, bendera ya Mwingereza bado iko juu ya boma. Nilikuwa nimeteremka kumsubiri mume wangu kwa treni ya kutoka Tanga, na treni ikawa haina mume wangu. Nikamuulizia Mchinjaji, nikaelekezwa chumba kimoja nyuma ya mnada wa ng'ombe. Nikadhani basi amepata mahali pake, mchinjaji karibu na mnada. Nilimkuta ananoa visu vya wachinjaji wengine.

"Bibi harusi," alisema, bila kushangaa. "Umezeeka."

"Na wewe, Mzee. Shikamoo."

"Marahaba. Mimi sijazeeka, ni vumbi."

Nikamuuliza kwa nini hachinji. Akasema macho yamepungua. Baadaye kidogo akasema mkono unatetemeka. Nilimtazama tu. Ndipo akaniambia, akiendelea kunoa, kwamba watu wa huku wanasema aliishi mno na makafiri, nani ajue kisu chake kimegusa nini. Kile alichokikataa kule juu, kuwalisha Waislamu nyama isiyo halali, huku chini walisema amekuwa akikifanya miaka yote. Hakuna anayekula alichokichinja.

Nilitoka nikaenda sokoni, nikarudi na jogoo, mkubwa kuliko niliyekusudia. Nikamweka mbele yake.

"Wa nini huyu?"

"Wa kula. Mimi Mlutheri, siwezi kukuchinjia. Chinja."

Mkono haukutetemeka hata kidogo. Alimpa jogoo maji, akamgeuza kibla, akasema maneno yake, na kisu kikapita mara moja. Nilinyonyoa, nikapika pamoja na wali kwenye jiko lake la mafiga pale nje, na mchuzi ulipoanza kunukia majirani zake wa ua ule walikuwa wakipita na kurudi, wake kwa waume. Kama desturi ilivyo, hakukubali tule kimyakimya. Alitandika jamvi nje mlangoni, akaazima sahani kwa mama wa chumba cha tatu, akazipanga zote, akanawa, akaketi, akawakaribisha mmoja mmoja kwa jina.

"Karibu chakula, Bwana."

"Ahsante, Mzee. Nimeshiba."

"Karibu, mama."

"Ahsante. Tumekula sasa hivi."

Walijibu vizuri, kwa adabu, kila mmoja. Hata yule mama wa sahani alisema amekula, na moto wake nilikuwa nauona kwa mbali, sufuria haijaanza hata kuchemka. Mchinjaji aliitikia kila mmoja, "Haya, Mungu akuzidishie." Kisha akaanza kupakua. Alijaza sahani zote, nyama juu ya wali, ile iliyo nzuri kwao, mifupa kwetu, akazifunika moja moja kwa kawa na kwa sahani nyingine, na ya mwisho kwa kofia yake.

"Wana kazi," aliniambia. "Watakuja."

Nikamwambia ndiyo, watakuja. Tulikula polepole sana, tukizungumza habari za mlimani, nani amezaa, nani amekufa, mvua za vuli zilikuwaje. Jua likashuka, inzi wakawa wengi, na watu wa ua wakaingia ndani mmoja baada ya mwingine wakafunga milango yao. Jogoo yule alikuwa mkubwa mno, na wawili tusingeweza kummaliza.